Dainasti kwa Kiswahili ni nini?

Kuelekea uchaguzi wa Agosti 9, 2022, kama uliishi Kenya na una masikio, ulilisikia neno dainasti hadi likakuchosha. Lilikuwa kwenye mikutano ya hadhara, kwenye matatu, kwenye vibanda vya chapo na kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Huku mahasla, kule madainasti. Wilbaro nayo ikapata umaarufu ambao haikuwahi kuuota pale kwa mjengo. Kuna wasee walioacha kusalimiana hadi leo.

Sasa fanya mtihani mdogo. Mshike yeyote aliyekuwa akipiga kelele wakati ule, umwambie akutajie dainasti kwa Kiswahili, neno moja tu. Atakuna kichwa. Atakwambia, "Ni zile familia kubwa kubwa, si unazijua?" Ukimbana zaidi atataja watu: Kenyatta, Odinga, Moi. Majina ya watu anayo. Jina la jambo lenyewe hana.

Nimelizungusha swali hili kichwani kwa muda, na si eti kwa sababu mimi ni mtu wa kamusi. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, ada ilipokataa kujilipa. Nalizungusha kwa sababu jambo lisilo na jina huwezi kulijadili, utalilalamikia tu. Na hili ni jambo litakalokuja kukuomba kura Agosti 2027, pengine hapo hapo kwa wadi yenu.

Tulivyojaribu kutafsiri

Tusiseme watu hawakujaribu. Magazeti na redio za Kiswahili zilitafuta njia kila siku. Tatizo ni kwamba kila neno lililopatikana lilikuwa linavuta upande wake.

Kwanza tulipewa nasaba. Neno zuri, la Kiarabu, linalomaanisha mlolongo wa damu: fulani mwana wa fulani mwana wa fulani. Lakini kila mtu ana nasaba. Mama mboga ana nasaba, na mtu wa bodaboda ana nasaba. Kumwambia mtu kwamba ana nasaba si kumshtaki kwa lolote. Huko pwani hata ni sifa.

Kisha likaja mabwanyenye. Ukilisikiliza vizuri unasikia "bwana" na "mwenye" wamekaa pamoja, na ndiyo maana yake: tajiri mwenye mali anayeishi kwa jasho la wengine. Lakini hilo ni neno la pesa. Kuna mabwanyenye hapa Nairobi ambao watoto wao hawajawahi kugombea hata uongozi wa darasa. Na kuna familia zenye viti vya siasa miaka nenda miaka rudi ambazo si za kutisha kwa utajiri. Ukichanganya mambo haya mawili, mwanasiasa tajiri aliyejitajirisha mwenyewe anapita katikati akikupungia mkono.

Tukapewa pia watoto wa vigogo. Hili linakaribia. Tatizo ni kwamba linamlenga mtoto na kumwacha baba, na halisemi chochote kuhusu mpigakura. Kigogo ni gogo dogo. Gogo halijiburuti lenyewe hadi bungeni, kuna watu wanaolibeba.

La mwisho lilikuwa familia tajika. Hapo sasa hata ukali umekwisha kabisa. Linafaa tangazo la harusi.

Kwa hivyo tukabaki na dainasti, la kukopa, likiwa limevalishwa "ma" mbele ili lionekane la nyumbani. Na kama nitakavyoonyesha baadaye, tulilikopa bila kusoma karatasi zake.

Maneno ya enzi tunayo mengi

Kinachoshangaza ni kwamba Kiswahili hakina njaa ya maneno ya utawala. Pwani yetu ilionja tawala nyingi, na kila moja iliacha msamiati wake.

Mfalme na ufalme unazijua tangu hadithi za chekechea. Sultani na usultani tulizipata kwa Waarabu. Liwali alikuwa gavana wa sultani katika mji. Kule Pate na Witu watawala walibeba cheo cha Fumo, na ukiwa umesoma habari za Fumo Liyongo utakumbuka jinsi adui alivyomfikia: sultani wa Pate alimtumia mtoto wa Liyongo mwenyewe kupata siri ya kinachoweza kumuua baba yake. Wazee wetu walijua mapema kwamba pale enzi na familia zinapokaa chumba kimoja, mtu anaweza kuumia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Mombasa. Mazrui hawakuanza kama wafalme. Waliletwa katika karne ya 18 kama maliwali, maafisa walioteuliwa kumwakilisha mtawala wa Oman. Ukoo wa kutawala ulipobadilika huko Oman na Busaidi wakachukua usukani, Mazrui wa Mombasa walikataa kuutambua. Kazi ya kuteuliwa ikageuka mali ya ukoo. Baba akampokeza mwana, ndugu akampokeza ndugu, hadi Seyyid Said alipowang'oa mwaka wa 1837. Soma hiyo tena polepole. Taji halikuhitajika. Ilitosha ofisi ya umma ambayo mwenye kuishika alisahau kwamba alipewa aitunze tu.

Halafu kuna diwani. Leo diwani ni MCA wako, yule wa taa za mtaa na basari. Lakini zamani, katika mji wa Vumba karibu na Vanga, Kwale, diwani kilikuwa cheo cha mtawala mwenyewe. Neno limeshuka kutoka kiti cha enzi hadi kwenye karatasi ya kura, na linapatana na kazi hiyo vizuri tu. Maana yake ni kwamba maneno ya utawala yanaweza kubadilika yakiamrishwa na maisha.

Na kwa tawala za kibabe tuna imla. Hili nalo lina stori. Imla ni lile zoezi la darasani: mwalimu anasoma, wewe unaandika, na hakuna kuuliza. Kiswahili kilichukua neno hilo hilo kikaliita utawala wa mtu mmoja utawala wa kiimla. Sijui lugha ingelisema vizuri zaidi vipi. Mwaka wa 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri na wananchi waimbe kama kasuku wimbo wake, kama yeye alivyouimba wa Kenyatta. Hiyo ni imla kwa kipimo cha nchi nzima, na wakati huo Katiba, baada ya kubadilishwa 1982, haikuruhusu chama kingine isipokuwa KANU.

Kwa hivyo tuna neno la mfalme, neno la dikteta, neno la tajiri na neno la mkoloni. Tunakosa moja tu: neno la kiti kinachopigiwa kura kihalali, lakini kinarudi kulala nyumba ile ile.

Mwaka mmoja chini ya malkia

Ili uone kwa nini pengo hili linauma, kumbuka tulivyopata jina la nchi hii.

Wengi tunadhani tulipopata uhuru Desemba 12, 1963 tulikuwa tayari jamhuri. Hapana. Kwa mwaka mmoja mzima, mkuu wa dola ya Kenya alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald. Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu. Kenya ikawa jamhuri Desemba 12, 1964, na ndiyo maana siku hiyo inaitwa Jamhuri Dei. Kila Desemba tunakula nyama tukisherehekea siku ambayo tuliacha kuwa na mkuu wa nchi aliyerithi kazi kwa baba yake.

Neno jamhuri lenyewe linatoka kwa Kiarabu, kwenye mzizi unaomaanisha umati, watu wengi, raia wa kawaida. Jamhuri ni nchi ya umati. Katiba ya 2010 inarudia hilo katika kifungu cha kwanza kabisa: mamlaka yote ni ya wananchi. Haisemi ya wananchi na watoto wao wa kwanza.

Lakini angalia lugha tunayotumia kila siku kuongelea siasa. Eneo la mwanasiasa tunaliita ngome yake. Ushawishi wake tunauita himaya. Wazee wakimvika mtu ngozi na kumpa usinga, tunasema ametawazwa kuwa msemaji wa jamii. Akizeeka, tunauliza mrithi wake ni nani. Rais huapishwa, mfalme hutawazwa, na sisi tunachanganya vyote kwenye taarifa moja ya habari ya saa moja jioni. Midomo yetu bado iko ikulu ya sultani.

Kiti kinaporudi nyumbani

Sasa tuje kwa mambo yenyewe, tuache nadharia.

Mwaka wa 1989 Moses Mudavadi, mbunge na waziri, alifariki. Kiti cha Sabatia kikaenda kwa mwanawe Musalia. Januari 1994 Jaramogi Oginga Odinga alifariki akiwa mbunge wa Bondo. Mwanawe Oburu akashinda uchaguzi mdogo. Juni 2008 ajali ya ndege iliwaua Kipkalya Kones wa Bomet na Lorna Laboso wa Sotik. Septemba mwaka huo huo, Beatrice Kones, mjane, alishinda Bomet, na Joyce Laboso, dadake Lorna, akashinda Sotik, siku moja.

Makueni 2013 ndiyo ilionyesha mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Seneta Mutula Kilonzo alifariki Aprili. Bintiye Kethi, wakili, akaandaliwa kumrithi, lakini akazuiwa kwa kuwa hakuwa mpigakura aliyesajiliwa. Unadhani upande wao ulimtafuta mtu mwingine kutoka kaunti nzima ya Makueni? Waliingia nyumba ile ile wakamchukua ndugu yake, Mutula Junior, na akashinda.

Homa Bay, Februari 2015: Moses Kajwang' akachukua useneta wa marehemu kaka yake Otieno. Kibra, Novemba 2019: Imran Okoth akachukua ubunge wa marehemu nduguye Ken. Garissa, 2021: Abdul Haji akapata useneta wa marehemu babake Yusuf Haji bila kupingwa. Kasipul, Novemba 2025: Boyd Were akachaguliwa mahali pa babake, Ong'ondo Were, aliyeuawa kwa risasi Aprili mwaka huo.

Sisemi hawa ni viongozi wabaya. Joyce Laboso alikuwa Naibu Spika wa Bunge, kisha 2017 akawa miongoni mwa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa magavana nchini. Kwa wanawake wengi, ambao vyama huwafungia mlango wa mbele, mlango wa familia ndio ulikuwa umebaki wazi. Hilo nalo lazima lisemwe. Lakini unaona mchoro. Mlango ni mmoja, na ufunguo wake ni jina la ukoo.

Kwa nini inakuwa hivyo? Sehemu ni sheria na muda. Kiti kikiwa wazi, Katiba inataka uchaguzi mdogo ndani ya siku 90. Katika siku 90, kijana asiyejulikana hawezi kujenga jina, kutafuta pesa na kuzunguka kila kijiji. Mtoto wa marehemu hana shida hiyo, jina limeshabandikwa kwenye kila mlingoti. Sehemu ni vyama. Chama hakitaki kubahatisha, kinataka jina ambalo tayari liko midomoni mwa watu. Na sehemu ni matanga. Kampeni ya uchaguzi mdogo Kenya huanza kabla jeneza halijashuka. Vigogo wanapanda jukwaani, mmoja baada ya mwingine, wanamwonyesha mtoto, wanasema "msiiache hii familia." Nani atasimama pale, mbele ya mjane, aseme anataka ushindani?

Baba, Mama na mtoto wetu

Hapa ndipo ninapoona tatizo la maneno linapouma zaidi. Sisi siasa tunaiongea kwa lugha ya nyumbani.

Rais wa kwanza alikuwa Mzee, tena Baba wa Taifa. Wa pili alikuja na falsafa ya Nyayo, yaani kufuata nyayo za aliyemtangulia, kama mtoto anavyomfuata mzazi kwenye tope. Raila Odinga alikuwa Baba, na alipofariki Oktoba 15, 2025, kuna watu wazima walilia "Baba ametuacha" na walikuwa wanamaanisha. Mimi siwacheki. Huyo mtu alikaa kizuizini miaka mingi ili wewe na mimi tuweze kutukana serikali kwenye simu. Lakini uongozi wa chama chake cha ODM ukaenda kwa nani? Kwa kaka yake mkubwa, Oburu, yule yule aliyekuwa amepokea kiti cha baba yao 1994.

Ukishamwita kiongozi baba, mwanawe anakuwa ndugu yako. Na ndugu humpigi maswali ya kazi. Humuulizi amefanya nini, anajua nini, ana mpango gani. Unamuuliza tu kama amekula. Mwanasiasa akisema "naomba nimalizie kazi ya baba", ni vigumu kumjibu kwamba kazi ile haikuwa ya baba, ilikuwa yetu, na tulimpa kwa miaka mitano.

Na lugha hii ya nyumbani ina upande wake mchungu kwa wasio na jina. Kijijini ukikutana na mzee, atakuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Hiyo ni heshima, anataka kujua akuwekee wapi moyoni. Lakini swali hilo hilo nililipata kwenye ofisi moja nilikokwenda kuulizia basari, nilipokuwa bado chuoni. Nilitaja jina la mathe. Karani aliandika kitu, akasema nitapigiwa. Si mimi pekee, uliza vijana wowote kumi waliotafuta kazi ya kaunti. Swali ambalo kijijini ni salamu, ofisini linakuwa kufuli.

Tulilikopa neno bila kusoma karatasi zake

Sasa nirudi kwa dainasti. Neno hili lilianzia Ugiriki, na kule asili yake ni "nguvu" au "uwezo", halikuwa na damu wala ukoo ndani yake. Lakini Aristotle, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alipokuwa akipanga aina za serikali kwenye kitabu chake cha siasa, alilipa kazi maalum. Hakuliweka kwenye fungu la wafalme. Aliliweka kwenye fungu la utawala wa wachache, tena pale chini kabisa, kwenye aina mbaya zaidi: pale ambapo mtoto anachukua nafasi ya baba, na wenye vyeo ndio wanaotawala badala ya sheria.

Kwa hivyo kipimo cha Aristotle kina sehemu mbili. Kurithishana, na sheria kusukumwa kando. Hakuuliza nani ana pesa. Hakuuliza nani aliuza kuku barabarani akiwa mdogo.

Mwaka wa 2022 sisi tulilitumia neno kama bendera ya timu. William Ruto, ambaye baba yake hakuwa mwanasiasa, aliwapanga Uhuru Kenyatta, Raila Odinga na Gideon Moi upande mmoja. Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila. Kisha ikawaje? Baada ya maandamano ya Gen Z ya Juni 2024, watu wa ODM waliingia baraza la mawaziri. Machi 2025 Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya kufanya kazi pamoja. Oktoba mwaka huo Gideon Moi akajiondoa kwenye uchaguzi mdogo wa useneta wa Baringo baada ya kuelewana na Rais. Madainasti wote waliotajwa kwenye lori za kampeni, isipokuwa mmoja, wakawa marafiki. Neno likatoweka jukwaani siku hizo hizo. Jambo lenyewe halikutoweka. Vile viti viko pale pale.

Ndiyo maana nasema tunahitaji neno letu, ambalo halitahama na mwanasiasa aliyelileta.

Wenzetu Waarabu walishapita hapa. Juni 2000, Rais wa Syria, Hafez al-Assad, alifariki baada ya kutawala karibu miaka 30. Katiba ya huko ilitaka rais awe na angalau miaka 40. Mwanawe Bashar alikuwa na 34. Bunge likaishusha hadi 34, chapchap. Msomi mmoja wa Misri, Saad Eddin Ibrahim, akaandika makala akiunda neno jipya kwa kuunganisha jamhuri na ufalme kwa Kiarabu: jumlukiya. Jamhuri kwa jina, ufalme kwa tabia. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amekamatwa nyumbani kwake Cairo. Neno moja tu, lakini watawala walielewa linawahusu. Bashar naye alikimbia Syria Desemba 2024.

Hilo neno linatufaa, kwa sababu jamhuri yetu na yao ni mzizi mmoja. Kwa Kiswahili ningelitengeneza hivi: jamhuri, ongeza ufalme, pata jamfalme. Ukilitazama vizuri utaona mfalme mzima amekaa katikati, kimya, akisubiri matokeo ya kura. Kiti cha jamfalme. Siasa za jamfalme. Hata likikataliwa na wataalamu, sawa tu, mradi walete jingine. Ninachotaka ni tuweze kusema jambo hili kwa pumzi moja, bila kumtukana mtu, bila kutaja kabila la mtu, na bila kumwongelea maiti.

Kwa sababu jina likishakuwepo, maswali yanafuata. Kiti hiki ni cha jamfalme au kimeshindaniwa? Chama kilifanya mchujo, au tiketi ilitolewa matangani? Mgombea huyu ukimvua jina la baba, kinabaki nini? Kama kinabaki kitu, mchague, hajakosea kuzaliwa alikozaliwa.

Wafalme wanaokataliwa

Tofauti kubwa kati ya ufalme na jamfalme ni moja, na ndiyo inayonipa moyo. Mfalme hukumchagua, kwa hivyo kumtoa ni vita. Zanzibar ilibidi ifanye mapinduzi Januari 12, 1964 kumtoa sultani, mwezi mmoja tu baada ya uhuru. Jamfalme anasimamishwa na kura, kwa hivyo kura inaweza kumkalisha.

Na imewahi kumkalisha. Mwaka wa 1997 Uhuru Kenyatta, mtoto wa rais wa kwanza, aligombea ubunge Gatundu Kusini, nyumbani kabisa kwa baba yake. Akashindwa na Moses Mwihia, mchoraji wa ramani za nyumba. Mwaka wa 2007 wana watatu wa Moi waligombea ubunge katika maeneo matatu ya Bonde la Ufa, Gideon, Raymond na Jonathan. Wote watatu wakaenda nyumbani. Baba alikuwa bado hai, na alikuwa ametawala miaka 24. Mwaka wa 2022 Gideon akapoteza useneta wa Baringo kwa William Cheptumo.

Watu waliowakataa hawakuwa wanaharakati wenye vipaza sauti. Walikuwa majirani zao, wakulima, walimu na wafanyabiashara, waliosema tu kwamba safari hii tunataka mwingine. Tena angalia: Uhuru aliposhindwa 1997 hakufa. Alirudi, akajaribu tena, na 2013 akawa rais kwa kura, akimshinda mtoto wa makamu wa kwanza wa rais. Hivyo ndivyo nchi ilivyotimiza miaka 50 ya uhuru: mtoto wa namba moja na mtoto wa namba mbili wakigombania kiti walichoanzia baba zao. Unaweza kuiita sadfa. Mimi nimeshakupa jina.

Juni 2024, barabarani pale Nairobi, watu wa rika langu walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Nakumbuka jambo moja kuhusu zile siku kuliko yote mengine. Ulipopewa maji na mtu usiyemjua, au ulipooshwa macho baada ya teargesi, hakuna aliyekuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Kama una miaka 18 na hujajiandikisha kupiga kura, kajiandikishe. Kisha angalia orodha ya wadi yako kabla ya kuangalia ya urais, kwa sababu huko chini ndiko vitoto vya jamfalme huanzia kutambaa. Andika jina la kila mgombea kwenye karatasi. Futa la pili. Soma kilichobaki, halafu uamue.